Fundi Saa Asiyejua Kiswahili

Kama kuna mtu aliyezaliwa kudharau wenzake, akaishika kazi hiyo miaka sitini na saba bila kuchukua likizo hata siku moja, basi ni yule fundi saa wa chini ya ngazi. Watu wa jengo lile walimwita Mzee Dakika Mbili, kwa sababu kila aliyemletea saa aliambiwa asubiri dakika mbili, na dakika mbili za mzee zilianza Jumatatu zikaisha Alhamisi. Jina lenyewe hakulichukia. Aliwachukia waliomwita.

Kibanda chake kilikuwa kwenye ile njia ya ndani inayokata jengo kutoka barabara ya mbele hadi barabara ya nyuma, pale ngazi zinapopanda kwenda kwenye ofisi za juu. Chini ya ngazi hizo pana nafasi ya mtu mmoja na nusu, naye alikuwa ameijaza kwa miaka ishirini na minane. Meza ya kioo, taa ya shingo ndefu, kiti alichokikata miguu mwenyewe ili macho yawe karibu na kazi, na visahani vya skrubu ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya umeingia hasara. Ukutani palikuwa na saa kumi na nne, na hakuna mbili zilizokubaliana. Mteja akilicheka jambo hilo, mzee alimjibu bila kuinua kichwa: "Hizi ni wagonjwa. Nzima ziko makwao."

Akiwa amekaa pale chini, alimjua mtu kwa mkono wake wa kushoto. Huyu amevaa saa iliyokufa tangu mwaka juzi, anaivaa kama bangili. Yule amevaa ya dhahabu ambayo ukiikwaruza kwa kucha unakutana na bati. Mwingine ameacha kuvaa kabisa, akiulizwa saa anajipapasa mifukoni akitafuta simu. Wote aliwapima, na wote akawaona si lolote si chochote. Wanasheria wa ghorofa ya pili aliwaita makasuku. Daktari wa meno wa ghorofa ya tatu alimwita fundi bomba. Na yule mshonaji aliyekaa ng'ambo ya njia, hatua nne kutoka kwake, mjane mpole mwenye makopo ya vifungo yaliyopangwa hadi darini, ambaye jengo zima lilimwita Mama Vifungo, alimdharau kuliko wote, kwa kosa moja tu la kuwa mwema kwa kila mtu.

Kiingereza alikuwa nacho, tena cha kutosha. Alikipata ujanani kwa fundi mmoja mgeni, mzee mkali asiyejua lugha nyingine, ambaye kila mwanafunzi alipodondosha kigurudumu alimgonga vidole kwa mpini wa bisibisi na kuutukana ukoo wake kuanzia kwa babu. Kwa hiyo Kiingereza cha Mzee Dakika Mbili kilikamilika katika mambo mawili: viungo vya saa, na matusi.

Sasa, mtu huyu alikuwa na mjukuu. Binti yake alifanya kazi kwenye ofisi ya bima, na kwa miaka miwili, kila likizo ya kiangazi ilipoingia, alimpitisha mtoto wake wa kike pale chini ya ngazi saa tatu asubuhi na kumchukua saa nane. Mtoto alikaa juu ya kreti lililofunikwa mto. Alitenga betri zilizokufa na zilizo hai, alipanga mikanda ya saa kwa urefu, na mteja akija alisimama, akaweka kiganja juu ya kioo na kusema, "Dakika mbili," kwa sauti ya kazi kabisa. Babu yake alimfundisha kuisoma saa kwa namna zote mbili, yetu na ya Kiingereza, kwamba mshale mfupi ukiwa kwenye saba sisi tunasema saa moja na wao wanasema saba, na kwamba mtu asiyeweza kuvuka kutoka huku kwenda kule bila kuhesabu vidole ni wa kuhurumiwa. Akiwa na miaka saba alivuka bila kukosea. Katika mji ule wote, huyo ndiye pekee ambaye mzee hakumdharau, na kwa kuwa alikuwa na kichwa kigumu, hata hilo hakuwahi kulisema kwa mdomo wake.

Mwaka huo binti yake alikuja peke yake, siku mbili kabla ya likizo.

"Baba, safari hii mtoto nimemwandikisha Darasa la Kiangazi."

"La nini?"

"La Kiingereza. Wanatembezwa mjini, wanacheza, wanajifunza hukohuko njiani. Shule anayohamia watamhoji kwa Kiingereza mwezi ujao."

"Kwani mimi Kiingereza sina?"

"Unacho, baba. Ila chako kina matusi."

Hilo hakuweza kulikanusha. Alivaa kioo chake cha jicho, akainamia saa ambayo haikuwa na ubovu wowote, na binti yake akaondoka akidhani baba amekubali. Mzee hakukubali. Kuanzia wiki hiyo kreti lilibaki wazi, na asubuhi zake zikawa ndefu hata yeye, mwenye saa kumi na nne ukutani, asijue azifanyie nini. Alimtaka mjukuu wake pale. Hakutaka kingine.

Darasa lenyewe alikuwa ameliona likipita miaka ya nyuma, na alikuwa na maoni. Watoto waliovalishwa kofia za rangi, wameshikanishwa mikono wawili wawili, wakipelekwa posta, zima moto, maktaba na bustani ya jiji, huku mwalimu akiwaonyesha mti na kuwatajia mti kwa Kiingereza kana kwamba mti ulikuwa haujulikani. Wazazi wao walilipia mambo haya. Mtoto akirudi nyumbani na kuomba maji kwa Kiingereza, baba anaita majirani. Mzee alisema, na alimwambia kila aliyekaa kusubiri dakika mbili zake, kwamba watu wanaolipa ili watoto wao waoneshwe barabara ileile wanayopita kila siku hawahitaji kuibiwa, wanajiibia wenyewe.

Kwa hiyo mwenye darasa alipojitokeza mbele ya meza yake, akiwa na filimbi shingoni na akibana pua wakati wa kuzungumza, hakupokelewa kwa maua. Watoto walimwita Madamu, na yeye mwenyewe pia alijiita hivyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Saa au betri?"

"Wala. Nimekuja kukuomba msaada. Watoto wangu wana mchezo. Kila kikundi kina kadi, na mjini kuna vituo kumi. Kituoni wanasalimia, wanauliza, wanajibiwa, wanagongewa muhuri. Nimesikia wewe Kiingereza unakijua."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa daktari wa meno. Anasema ulimtukana."

Mzee aliinamisha kichwa kwa heshima ya kumbukumbu hiyo.

"Sharti ni moja tu," Madamu akaendelea. "Mtoto akikusemesha Kiswahili, wewe hujui. Hujui hata neno moja. Watoto wanaamini watu wa vituoni ni wageni, wametoka mbali."

"Nimetoka mbali wapi, mimi?"

"Popote tu, mzee. Ilimradi wasijue."

"Kwa hiyo mnawafundisha watoto kwa kuwadanganya."

"Tunawafundisha kwa mchezo."

"Ndicho nilichosema."

Alikuwa tayari kumpa kisogo. Lakini Madamu alikuwa ameshatandika ratiba yake juu ya kioo, na mzee, ambaye macho yake yalikuwa na mazoea ya kusoma vitu vidogo, aliisoma kabla hajataka. Wiki ya kwanza kofia nyekundu, ya pili kijani, ya tatu na ya nne njano. Kofia ya njano aliiona ikichomoza kwenye mkoba wa binti yake siku ile. Alikohoa. Alisema kwamba yeye ni mtu mwenye kazi nyingi, kwamba mambo haya ni upuuzi, kwamba nchi inaharibika, na kwamba muhuri auache hapohapo karibu na taa. Hakumwambia Madamu kwamba ana mjukuu darasani mwake. Binti yake naye hakumwambia. Mtoto mwenyewe hakumwambia pia, maana mzee alitaka kumshtukiza. Upumbavu wake wote umo katika hayo matatu, na hakuuona.

Kazi yake katika mchezo ilikuwa rahisi. Kulikuwa na saa kubwa ya ukutani ambayo aliigeuza mishale kama alivyotaka. Mtoto alitakiwa amwamkie kwa Kiingereza, aulize hali, asome saa ile, kisha ashukuru. Siku ya kwanza mzee alifanya kwa shingo upande. Siku ya pili akagundua kwamba anafurahia. Siku ya tatu alikuwa moto wa kuotea mbali.

Walimjia watoto wa makasuku wa ghorofa ya pili, watoto wa fundi bomba wa ghorofa ya tatu, watoto wa watu wote waliowahi kumnyooshea saa bila kumsalimia. Walifika wakiwa wameinua videvu. Yeye aliweka mishale mahali pabaya, saba kasoro dakika ishirini, na kuwatazama wakihangaika. Wengi waliisoma saa kwa mtindo wa nyumbani kisha wakaitia Kiingereza juu, mshale upo saba wao wanatangaza moja, nao wanajiamini kabisa. Mzee alitikisa kichwa na kuwarudisha mwisho wa foleni. Mtoto aliyeteleza akasema neno moja la Kiswahili alipata jibu lilelile, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwa sauti ya baridi: samahani, sielewi unachosema.

Mtoto mmoja wa kiume wa kofia nyekundu, mwana wa mwanasheria, alirudishwa mara tatu. Mara ya nne uvumilivu ukamwishia. "Mzee, tugongee tu, wenzetu wametuacha," alisema. Mzee alimjibu kwamba samahani, haelewi. Mtoto akasema tena, akionyesha muhuri kwa kidole. Haelewi. Midomo ya mtoto ikaanza kucheza, na machozi yakafuata.

Mama Vifungo, ambaye naye alipewa kituo, aliacha cherehani.

"Mzee, huyo mtoto analia."

Mzee alisubiri hadi mtoto asogee, kisha akauliza chinichini: "Analia kwa lugha gani?"

"Mchezo wa watoto huu, baba."

"Basi cheza kwako. Wewe si unagonga tu mihuri kama karani wa posta?"

Ilikuwa kweli. Kwa Mama Vifungo watoto walitakiwa waombe kifungo na kutaja rangi yake. Yeye aliwanong'oneza jibu, aliwaitikia salamu zao kwa lugha yoyote waliyokuja nayo, na wakiteleza aliinama chini kana kwamba ameangusha sindano, ili asisikie. Hakuna mtoto aliyetoka pale bila muhuri. Mzee aliliona jambo hilo ni ulegevu mtupu.

Madamu naye aliliona. Mwisho wa wiki ya pili alisimama mbele ya kioo na kumvisha mzee kilemba cha ukoka. Alisema vituo vingine vinaharibu watoto, hapa peke yake ndipo wanapojifunza kweli. Alisema wazazi wameanza kuulizia yule mgeni mkali wa chini ya ngazi. Alisema wiki ijayo angeleta wazazi wawili watazame, na angepiga picha za video. Mzee alimjibu kwa kukunja uso, kwa sababu alimdharau. Lakini maneno ya mtu unayemdharau nayo huingia masikioni, na yakishaingia hayaulizi yametoka kwa nani. Kichwa kilimvimba.

Jumatatu ya wiki ya tatu alikuja na tai. Kile kibao kilichosema kwa Kiswahili kwamba saa zinatengenezwa hapa alikigeuza kikatazama ukuta. Mteja mmoja wa zamani alipofika akitaka betri, na kofia za kijani zilizobaki nyuma zilikuwa zikichungulia mlangoni, mzee alimjibu kwa Kiingereza. Mteja alicheka, akarudia. Mzee naye akarudia. Mteja alichukua saa yake akaondoka, na alipofika barabarani aligeuka kumtazama tena. Hata hapo mzee hakushtuka. Alijiona ni mtu anayeijua kazi yake.

Kofia za njano zilikuwa zije Jumanne. Usiku ule aliyapanga yote. Mtoto angefika mbele, angemwona babu yake, macho yangemtoka. Angemsemesha kwa Kiingereza kizuri, yeye angemjibu, wangeulizana hali kama mabwana wawili, na mtoto angesoma saa bila kuteleza, maana nani aliyemfundisha? Madamu angebaki mdomo wazi. Ndipo angemwambia: huyu ni wangu. Aliurudia mpango ule mara nyingi na kila mara ukazidi kupendeza. Jambo dogo tu halikumjia akilini, kwamba mtoto mwenye adabu akimwona babu yake ataanza kwa kumwamkia.

Walifika saa nne kasorobo. Madamu mbele, simu mkononi, na nyuma yake wazazi wawili wa kutazama, mmoja wao na saa kubwa ya kuwatoa watu macho. Watoto walikuwa wanabishana kwa kunong'ona tangu mlangoni. Mjukuu wake alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kofia imemfunika masikio. Alikuja mbio hatua za mwisho, akaweka kiganja juu ya kioo kama alivyozoea.

"Shikamoo, babu."

Mzee alifungua mdomo. Yale maneno aliyoyarudia mara mia mbili kwa wiki mbili yalikuwa yamekaa tayari ulimini, na Madamu ameinua simu, na baba mwenye saa kubwa ameinama kusikiliza. Akasema kwa Kiingereza kwamba samahani, haelewi.

Mtoto alicheka. Babu yake hakuwa na mizaha mingi, lakini huenda leo alikuwa nayo. "Babu, ni mimi," alisema, na kuivua kofia ili aonekane.

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa fupi, lakini ilikuwepo, na mtu anayejua kuhesabu sekunde hawezi kudai kwamba hakuiona. Neno moja tu, marahaba, lingetosha. Angepoteza kituo na tai na sifa za mwanamke ambaye hakumheshimu. Akasema tena, pole pole, kwa kila silabi, kwamba haelewi, na kwamba tafadhali azungumze Kiingereza.

"Si tulikuambia?" mtoto mmoja akasema nyuma. "Hajui Kiswahili huyo."

"Sio babu yake."

"Wiki nzima anatudanganya eti kwenye saa yupo babu yake. Muongo."

"Kiingereza, jamani, Kiingereza," Madamu akapiga makofi, bila kuishusha simu.

Mtoto hakulia. Alitazama kiganja chake kilichokuwa juu ya kioo, akakiondoa. Akavaa kofia. Akasimama wima, mikono ubavuni, na kwa Kiingereza safi akamwamkia mzee kama mtu anavyomwamkia mwenye duka asiyemjua, akamuuliza hali, akainua macho ukutani, akasoma: saba kasoro dakika ishirini, kwa hesabu ya Kiingereza. Hakuhesabu vidole. Halafu akashukuru, akimwita bwana.

"Huyu anajua," baba mwenye saa kubwa akasema.

"Ndiyo kazi yetu," Madamu akajibu.

Mzee aligonga muhuri ukakaa upande. Mtoto akasogea, na kutoka hapo akaenda ng'ambo, ambako Mama Vifungo alikuwa amesimama tangu mwanzo na kitambaa mkononi, akiwa ameona yote. Alimjua mtoto yule. Alikuwa amemshonea ule mto wa kreti. Mzee alisikia "shikamoo" ya chinichini, akasikia "marahaba, mwanangu," kisha mlio wa muhuri.

Watoto walipotoka Mama Vifungo alivuka njia.

"Huyo si mjukuu wako?"

"Kazi ni kazi."

Mama Vifungo alimtazama, si kwa hasira. Ingekuwa hasira mzee angejua la kufanya. Kisha akarudi kwenye cherehani yake, na hakumsemesha tena siku ile wala kesho yake. Mzee alijaribu kumdharau hadi mchana. Alijaribu kumdharau Madamu, na binti yake aliyeleta mambo ya Kiingereza, na wale watoto wa watu wasio na malezi. Alikuwa fundi wa kazi hiyo, lakini safari hii haikushika. Kila alipoanza na mtu mwingine, njia ilimrudisha kwenye meza yake mwenyewe.

Siku zilizobaki za wiki alifanya kazi vibaya. Alhamisi aliangusha kigurudumu na hakukitafuta. Jumapili alikwenda kwa binti yake, akisingizia kwamba saa ya jikoni inakwenda nyuma, na kweli ilikuwa inakwenda nyuma, kwa mwaka wa nne sasa.

Binti yake alimpokea vizuri. Hakuwa na habari yoyote. "Anaendelea vizuri sana, baba," alisema akiosha vyombo. "Kadi ya kwanza amerudi nayo na mihuri yote kumi. Ila hakuniambia kama kwako wanapita. Nimeambiwa jana na mzazi mwenzangu kwamba kituo cha saa kiko chini ya ngazi, nikacheka. Kumbe mlikuwa mnanificha wawili."

Mzee alisema ndiyo, walikuwa wanamficha.

Mtoto alikuwa sebuleni, amelala kifudifudi kwenye mkeka, anapaka rangi gari la zima moto. Babu yake aliingia akasimama. Mtoto aliinua kichwa. Alikuwa anafikiri, kwa makini, kama mtu anayechagua ufunguo.

"Babu, leo nikuamkie kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili."

"Shikamoo."

"Marahaba." Ilimtoka kwa shida. Akakaa kwenye ukingo wa kochi, akavua kofia yake, akaizungusha mikononi. Katika maisha yake hakuwa amemwomba mtu radhi, na hakujua inaanzia wapi. "Ile siku ulikuwa mchezo," akasema. "Niliambiwa nijifanye sijui Kiswahili."

"Hata kwangu?"

Njia nzima mzee alikuwa amejitayarisha kwa maswali, na hili halikuwemo.

"Nilikosea," akasema hatimaye. "Sikiliza. Kesho mnapita tena na kadi mpya. Nitawaambia wote. Nitasimama mbele ya Madamu wenu na wale wenzako waliokuita muongo, niseme huyu ni mjukuu wangu, na mimi Kiswahili nimezaliwa nacho. Wakasirike wakitaka."

Alijisikia nafuu alipoyatamka. Yalikuwa yatamgharimu, na kwa mara ya kwanza wiki ile alijiona mtu. Alitazama kama mtoto amefurahi.

Mtoto alikuwa ameacha kupaka rangi.

"Usiwaambie, babu."

"Kwa nini?"

"Nimeshawaambia nilikosea mtu. Nimesema babu yangu ni mwingine, mnafanana tu. Ndiyo wakaacha kuniita muongo." Aliokota kalamu nyekundu, akachungulia ncha yake. "Ukisema ni wewe, nitakuwa muongo tena. Kesho usinijue tu. Si unaweza? Unaweza vizuri."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama anamsifu mtu kwa kazi yake, na kwa kuwa hakuwa na ubaya moyoni, mzee hakuwa na pa kujifichia. Aliona haya, haya ya kweli, ya mtu mzima mbele ya mtoto. Akasema sawa. Akaenda jikoni akaiteremsha ile saa, akaifungua, na binti yake alipomuuliza itachukua muda gani, hakusema dakika mbili.

Jumatatu kofia za njano ziliingia saa nne. Madamu alimpungia mkono kwa mbali. Mzee alikuwa na tai yake. Mjukuu wake alikuwa wa tatu. Alimwamkia kwa Kiingereza, akamuuliza hali, akasoma saa bila kosa, akashukuru. Mzee alimjibu alivyotakiwa kumjibu, akavuta kadi, akatia muhuri kwenye wino.

Mtoto wa nyuma yake alimvuta mjukuu kiwiko na kumnong'oneza kwa Kiswahili, bila kujificha, kwa sababu yule mgeni hawezi kusikia.

"Ndiye huyu anayefanana na babu yako?"

Mjukuu akamtazama mzee usoni, kwa haki kabisa, kama aliyeulizwa jambo linalotaka ukweli.

"Kidogo tu," akasema.

Na mzee, kwa kuwa hakujua Kiswahili, aligonga muhuri na kumrudishia kadi.